Siri ya Ufunguo na Siri ya Aibu

Wazee wa pwani walikuwa na msemo wa kufichana maneno, nao ukiitwa Kinyume. Msemaji huitwaa silabi ya mwisho ya neno akaitanguliza mbele: kitabu kikawa bukita, samaki akawa kisama, nyumba ikawa mbanyu. Askofu Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, aliona kuwa jambo hili lastahili kuhifadhiwa, akaliwekea mahali pake katika kitabu chake. Lakini kila aliyepata kuujua msemo huu aujua pia udhaifu wake. Siri yake yote imo katika njia. Asiyetakiwa kusikia akiijua njia, hapana neno hata moja litakalobaki limesitirika mbele yake. Wala wenye msemo hawana la kufanya ila kuutupa wote na kutunga mwingine.

Nimetanguliza mfano huu kwa sababu unabeba kwa ufupi jambo nitakalolieleza kwa urefu. Nia ya makala haya ni kutazama historia ya adabu za kazi moja ambayo siku hizi yatugusa sote, yaani kazi ya kulinda habari zilizowekwa katika kompyuta na kupitishwa katika mitandao. Ninakusudia kuonyesha ya kwamba kazi hii ilipata nguvu kila mara watu wake walipokubali kufunua makosa, na ilidhoofika kila mara walipoyafunika. Mimi si fundi wa mitambo. Ni mwalimu wa elimu ya lugha. Lakini msomaji ataona kwamba watu wa lugha wana haki ya zamani katika nyumba hii, na si wageni waliobisha hodi jana.

Sehemu kubwa ya elimu ya kufumbua maandishi ya siri ilianzia kwa wanachuoni wa lugha kabla ya kufika kwa wahandisi. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, mtu wa karne ya 8, ndiye aliyeweka misingi ya arudhi ambayo wanazuoni wa ushairi wetu wangali wakiitaja, na ndiye aliyepanga kamusi kubwa ya kwanza ya Kiarabu. Naye husimuliwa kuwa aliandika kitabu juu ya mafumbo, ambacho hakikudumu. Katika karne iliyofuata, al-Kindi wa Baghdad aliandika risala iliyotufikia, na ambayo nakala yake ilikutikana Istanbul. Alieleza kwamba kila lugha ina herufi zitumikazo sana na herufi zitumikazo kwa nadra. Hesabu herufi katika maandishi yaliyo wazi, kisha hesabu alama katika maandishi ya siri, kisha linganisha. Fumbo litaanza kufunguka. Yeyote aliyepata kuhesabu herufi za ukurasa mmoja wa Kiswahili, akaona jinsi herufi a inavyozitawala nyingine zote, atafahamu mara moja nguvu ya hoja hii.

Jambo la kuzingatia ni kwamba al-Kindi aliweka katika risala moja njia za kuficha na njia za kufumbua. Aliziona kuwa ni elimu moja yenye pande mbili. Asiyejua jinsi fumbo linavyovunjwa hawezi kutunga fumbo lisilovunjika upesi. Huu ndio msingi wa kwanza wa adabu ninazozieleza, na aghalabu ndio uliosahauliwa kwanza.

Kusahauliwa kwake kwaonekana vizuri katika kisa cha mafundi wa vitasa, ambao ni jamaa wa karibu wa walinzi wa habari. Mwaka wa 1851 yalifanyika London maonyesho makubwa ya kazi za mikono na mitambo ya mataifa. Wakati huo Waingereza walijivunia vitasa vyao. Dirishani mwa duka la Bramah, mtaa wa Piccadilly, lilikuwa limekaa kwa miaka mingi kufuli moja pamoja na tangazo, kwamba atakayelifungua kwa ufundi bila ya ufunguo wake atapewa gini 200. Fundi mmoja wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs, alifika katika maonyesho hayo. Kwanza alikifungua kitasa cha Chubb, kilichosifiwa kuwa hakifunguki, kwa muda wa dakika 25. Kisha akaligeukia kufuli la Bramah, akafanya kazi kwa saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, nalo likafunguka. Gini 200 zikawa zake.

Palizuka mashindano makali ya maneno. Wengine walidai ya kuwa kueleza hadharani udhaifu wa vitasa ni kuwafundisha wezi. Jibu lilitolewa katika kitabu juu ya vitasa kilichotengenezwa na Charles Tomlinson na kupigwa chapa mwaka wa 1853. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba mwizi ni mtu mwenye bidii katika kazi yake, naye hangoji kufundishwa na waandishi; anayebaki gizani ni mwenye nyumba mwaminifu, ambaye hununua kitasa kwa kuamini sifa zake tu. Baada ya hapo mafundi walirudi mezani wakatengeneza vitasa bora zaidi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi anayekataa kukiri ya kuwa koleo limevunjika hatatengeneza jingine.

Miaka 30 baadaye akatokea mtu wa lugha tena. Auguste Kerckhoffs alizaliwa Uholanzi mwaka wa 1835, akawa mwalimu wa Kijerumani mjini Paris. Alikuwa pia mmoja wa wapigania lugha ya kubuniwa iliyoitwa Volapük, iliyotumainiwa kuwa lugha ya watu wote ulimwenguni. Mnamo Januari na Februari 1883 alichapisha katika jarida la elimu ya kijeshi la Ufaransa makala juu ya maandishi ya siri ya vita. Humo aliweka kanuni sita. Ya pili ilisema kwamba njia ya kuficha isitegemee kufichwa kwake yenyewe, bali iweze kuanguka mikononi mwa adui pasiwe na madhara. Kwa maneno mengine, adui na aujue mtambo wote. Lisilopaswa kujulikana ni ufunguo tu, na ufunguo uweze kubadilishwa wakati wowote. Kinyume cha wazee wetu, kwa uzuri wake wote, kingeanguka katika kanuni hii, kwa kuwa hakina ufunguo. Kina njia peke yake.

Kanuni hiyo ya pili ilipata heshima kubwa, na leo hufundishwa katika kila chuo kinachofundisha kazi hii. Lakini Kerckhoffs aliandika pia kanuni ya sita, nayo haikupata heshima hiyo. Ilisema kwamba njia yenyewe lazima iwe nyepesi kutumia, isimchoshe mtu akili wala kumlazimisha kukariri mfululizo mrefu wa masharti. Alikuwa akimfikiri askari aliyeketi mahali pa vita, amechoka, ana haraka, na risasi zinalia. Mtu wa namna hiyo akitwikwa masharti mengi, atakosea. Na akikosea, kosa ni la aliyeyatunga masharti kabla ya kuwa lake. Naona ya kwamba matatizo mengi ya kazi hii tangu siku hizo yatokana na kuitukuza kanuni ya pili na kuipuuza ya sita.

Mtambo wa Kijerumani ulioitwa Enigma ni ushahidi wa kanuni zote mbili. Mwaka wa 1932 Marian Rejewski, mtaalamu wa hesabu wa Poland, aliweza kuujua mpangilio wa nyaya za ndani ya mtambo huo, akisaidiwa na hati zilizopatikana kwa njia ya majasusi wa Ufaransa. Sheria ya matumizi iliyowataka Wajerumani wauandike ufunguo wa kila barua mara mbili mfululizo ndiyo iliyompa upenyo. Na waendeshaji wa mtambo, walipoachiwa kuchagua herufi tatu za ufunguo, mara nyingi walichagua zilizo rahisi, kama herufi moja kurudiwa mara tatu. Hawakuwa wajinga wala wasaliti. Walikuwa watu waliochoshwa, nao wakafanya kama wafanyavyo watu wote waliochoshwa. Mwezi wa Julai 1939 Wapoland waliwapa Waingereza na Wafaransa maarifa yao yote, na tokeo lake katika vita lajulikana.

Tuje sasa katika zama za kompyuta. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Ilipenya kwa dosari za programu za kawaida na kwa kubahatisha maneno ya siri yaliyokuwa rahisi. Ilikadiriwa kwamba mitambo kama 6,000 ilipatwa, wakati ambapo mtandao wote ulikuwa na mitambo ipatayo 60,000. Mambo mawili yalifuata, na yote mawili yangali pamoja nasi. La kwanza, wataalamu wa vyuo mbalimbali walikesha wakipelekeana habari za dosari na dawa zake, na katika mwezi huo huo kikaanzishwa katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha kupokea na kueneza habari za hatari za namna hiyo. La pili, Morris alishitakiwa chini ya sheria ya mwaka wa 1986, akapatikana na hatia mwaka wa 1990. Yeye alikuwa ameleta hasara ya kweli, wala simtetei. Lakini tangu hapo kivuli cha mashitaka kikawaangukia hata wale ambao hawakuleta hasara, bali waliona mlango uko wazi wakataka kumwambia mwenye nyumba.

Kwa upande wa kanuni ya sita, kisa cha maneno ya siri chatosha. Mwaka wa 2003 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilitoa mwongozo ulioshauri maneno ya siri yachanganywe herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, na tena yabadilishwe mara kwa mara. Afisi za dunia nzima zikafuata, na zetu za Afrika ya Mashariki zikiwamo. Matokeo yake kila karani ayajua: mtu huongeza tarakimu 1 mwishoni, mwezi ujao huiandika 2, na akichoka hulibandika neno la siri kwenye kioo cha kompyuta. Ni yale yale ya waendeshaji wa Enigma. Mwaka wa 1999 Anne Adams na Angela Sasse walikuwa wamekwisha kuandika makala ambayo jina lake lilitangaza kwamba watumiaji si adui, wakaonyesha ya kuwa watu huvunja masharti kwa sababu masharti hayapatani na kazi yao. Sauti yao haikusikiwa upesi. Hata hivyo mwaka wa 2017 taasisi ile ile iliyatangua masharti yake, na Bill Burr, aliyeandika ushauri wa mwaka wa 2003, alikiri mbele ya waandishi wa magazeti kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Sijui tendo jingine la hivi karibuni katika kazi hii linalostahili heshima zaidi ya ungamo hilo.

Naomba ruhusa ya msomaji nitoe kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu, bila ya kuutaja mji wala chuo. Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, karani mmoja alipokea barua ya mtandao iliyofanana kabisa na barua za mkuu wake, ikimtaka atoe neno lake la siri. Akalitoa. Ilipogunduliwa kuwa ni hila, fundi wa kompyuta alikisimulia kisa hicho katika mkutano wa wafanyakazi wote, watu wakacheka, na yule bibi akainamisha kichwa. Fundi alidhani kuwa amefundisha. Na kwa kweli alifundisha, ila somo lilikuwa jingine. Miezi michache baadaye karani wa pili aliona katika daftari la mitihani alama ambazo hakumbuki kuziandika. Alinyamaza siku tisa. Katika siku hizo matokeo yalitangazwa. Yalipokuja kubatilishwa, wanafunzi wasio na hatia walingoja vyeti vyao muhula mzima, na mmoja wao alikosa kazi aliyokwisha kuahidiwa. Nilipomwuliza yule karani kwa nini hakusema mapema, alinijibu, "Mwalimu, niliogopa kuwa kichekesho kama mwenzangu." Zile siku tisa hazikuibwa na mdukuzi. Zilizaliwa na kicheko cha mkutanoni.

Hapa ndipo ninapotofautisha siri mbili. Iko siri ya ufunguo, nayo ni halali, tena ni wajibu; mwenye kuitoa bila ya haki amekosa. Na iko siri ya aibu, ambayo humfanya mtu afunike dosari aliyoiona au kosa alilolitenda kwa kuogopa kuchekwa, kufukuzwa au kushitakiwa. Siri ya kwanza hulinda nyumba. Ya pili humlinda mwizi aliyekwisha kuingia ndani. Ubaya ni kwamba zote mbili huvaa kanzu moja, na wakubwa wa kazi mara nyingi hutetea ya pili kwa maneno ya ya kwanza.

Je, pana matumaini? Nasema yapo, na yana misingi katika mambo yaliyotendeka. Mwaka wa 1997 Marekani ilipotaka njia mpya ya kuficha habari zake, ilitangaza mashindano yaliyo wazi kwa walimwengu. Njia 15 zilipokewa, kila mshindani akaruhusiwa kuzivunja za wenziwe hadharani, na mwaka wa 2000 ikachaguliwa njia ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ndiyo ilindayo leo sehemu kubwa ya habari za dunia, na kila mtu aweza kuisoma jinsi ilivyo. Huo ni ushindi kamili wa kanuni ya pili.

Kwa walio na habari za dosari, Uholanzi, nchi aliyozaliwa Kerckhoffs, ilitoa mwaka wa 2013 mwongozo wa namna ya kuzipokea habari hizo bila ya kumfanya mletaji kuwa mhalifu, na serikali yake ikawa mashuhuri kwa kuwazawadia waletaji fulana yenye maneno ya mzaha. Fulana ni kitu kidogo, lakini yasema asante mahali palipozoea kusema pingu. Mwaka wa 2022 wizara ya sheria ya Marekani nayo ilitangaza kwamba haitawashitaki, kwa sheria ile ile ya 1986, wale wachunguzao kwa nia njema. Na kwa walio na makosa ya kukiri, kazi ya urubani ilikwisha kuonyesha njia: tangu mwaka wa 1976 marubani wa Marekani huweza kupeleka habari za makosa yao kwa shirika la anga za juu la nchi hiyo, ambalo si mdhibiti wao, na majina yao husitiriwa. Walinzi wa habari wangeweza kujifunza mengi kwa watu wa ndege.

Katika nchi zetu sheria zimekwisha kuanza kusema. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka wa 2019, na Tanzania mwaka wa 2022. Ile ya Kenya yamtaka mwenye kutunza taarifa, zikivamiwa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, amjulishe kamishna katika muda wa saa 72. Hilo ni agizo jema. Lakini sheria yaweza kuamuru shirika liseme. Haiwezi kumpa karani ujasiri wa kumwambia mkubwa wake. Ujasiri huo ni kazi ya adabu, na adabu hufundishwa kwa vitendo na kwa maneno.

Juu ya maneno, mtu wa lugha ana la kusema. Wataalamu wa kazi hii wana desturi ya kumwita binadamu kuwa ni kiungo dhaifu cha mnyororo, na istilahi zao zimejaa adui, mashambulizi na ngome. Tunapoendelea kutafsiri elimu hiyo kwa Kiswahili, hatulazimiki kuingiza pamoja nayo dharau iliyomo. Kiswahili kina neno amana, ambalo watu wa pwani wamelitumia karne nyingi pamoja na hukumu zake. Mwekwa amana hatozwi kilichopotea pasipo uzembe wala hila yake. Lakini akizembea, au akikana kwamba alipewa, hapo hudhaminishwa. Basi tazameni: katika hukumu hiyo mtu halaumiwi kwa kupatwa, hulaumiwa kwa uzembe na kwa kukana. Tukisema kwamba taarifa za mgonjwa, alama za mwanafunzi na akiba ya mkulima iliyomo katika simu ni amana, tumekwisha kusema adabu zote zinazohitajiwa, wala hatukumfanya mtu yeyote kuwa adui.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kazi ya kulinda habari ilizaa kila ilipokubali kuangaliwa: kwa al-Kindi, kwa mafundi wa vitasa, kwa mwalimu wa Kijerumani wa Paris, na kwa mtu mzima aliyesema mwaka wa 2017 kwamba alikosea. Wanafunzi wetu wanaoingia katika kazi hiyo leo watafundishwa mengi juu ya funguo. Natumaini watafundishwa pia kumpokea karani anayekuja mlangoni kwa woga na kusema, "Nadhani nimekosea," wamkaribishe kiti, wamshukuru kwa kuja upesi, kisha ndipo waanze kazi.